Kansa ya Utumbo Mpana: Kisu cha Daktari Chaweza Nini?

Yako maradhi ambayo mtu huyataja barazani bila haya: malaria, kisukari, shinikizo la damu. Na yako mengine ambayo mtu huenda nayo hadi kaburini kwa sababu mahali yalipo hapatajwi mbele ya wakwe. Kansa ya utumbo mpana, pamoja na ile ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo inayopakana na njia ya haja kubwa, ni katika kundi hili la pili. Mzee wa Bahi au wa Mpwapwa aonapo damu katika choo chake hamwambii mwanawe. Mama wa Kondoa hamwambii hata muuguzi, hasa muuguzi akiwa kijana wa kiume. Akilazimika kusema, husema ana bawasiri, kwa kuwa bawasiri ni jina lililozoeleka. Basi huchemsha mizizi, kisha hununua vidonge vya amiba dukani, na miezi hupita.

Twaliandika jambo hili kwa sababu ugonjwa huu, ukiwahiwa, waweza kuponywa kwa kisu. Ndugu msomaji aliangalie neno hilo: kuponywa, wala hatusemi kutulizwa. Kansa ikiwa bado imo ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa wapatao 90 katika kila 100, katika nchi zenye hospitali zilizokamilika, huwa hai miaka mitano baada ya kutibiwa. Ikiisha kuhamia kwenye ini au mapafu, hubaki kama 15 katika 100. Kati ya hesabu hizi mbili ndipo zinapopotea roho nyingi za watu wetu, na aghalabu kinachozipoteza ni ukimya.

Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba duniani kote watu zaidi ya 1,900,000 waligundulika kuwa na kansa hii, na wapatao 900,000 walikufa kwayo. Ni ya tatu kwa wingi katika kansa zote za wanadamu. Kwetu Tanzania bado yatanguliwa na kansa ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya tezi dume. Hata hivyo, wataalamu waliopekua majalada ya hospitali za Dar es Salaam ya kati ya miaka 2005 na 2015 walikuta idadi ya wagonjwa wa utumbo ikipanda mara kadhaa.

Hapo kale ilisadikiwa kwamba Mwafrika haugui ugonjwa huu, na imani hiyo ina historia yake katika Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946, ndiye yule ambaye jina lake limepewa kansa ya taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda, wakapita Tanganyika, wakaenda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali juu ya kansa ile ya watoto. Baadaye, mwaka 1971, aliandika kwamba kansa ya utumbo mpana ni haba vijijini Afrika kwa sababu chakula cha watu kina makapi mengi, nacho hupita upesi tumboni. Kwa sisi wa nyanda hizi za kati maneno hayo hayana ugeni: ni kana kwamba Burkitt alikuwa ameketi mbele ya sinia la ugali wa uwele na mlenda.

Utafiti uliofuata umethibitisha sehemu kubwa ya aliyoyasema. Nafaka isiyokobolewa, mboga na kunde humkinga mtu kwa kiasi. Nyama nyekundu kwa wingi, na hasa nyama za viwandani kama soseji, huongeza hatari, na mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za viwandani katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa hakika. Pombe, tumbaku, unene na kazi ya kukaa kitako mchana kutwa huongeza pia. Mji wa Dodoma umejaa ofisi tangu Serikali ilipohamia, na nyama choma ya jioni imekuwa kama sehemu ya utumishi. Uwele umeachiwa vijiji, na mjini sembe nyeupe ndiyo yenye heshima. Lakini asije mkulima wa Hombolo akajiona amekingwa kabisa. Katika siku za Burkitt watu wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kuugua, na hospitali zenye uwezo wa kuipima nyama ya utumbo zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani. Leo madaktari wa Afrika huwaona wagonjwa wengi walio chini ya miaka 50, watu wenye watoto shuleni.

Kansa hii haianzi kwa kishindo. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mfano wa uyoga. Vinyama vingi vya namna hiyo havina madhara, ila vichache hugeuka, na kugeuka huko kwaweza kuchukua miaka kumi hivi. Huo ni muda mrefu ambao ugonjwa humpa mtu bure. Daktari mwenye bomba jembamba linalopinda, lenye taa na kamera, aweza kulipitisha katika njia ya haja kubwa, akakiona kinyama na kukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya wenye umeme. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile, tumbo lake halijaguswa na kisu. Hiyo ndiyo operesheni ndogo kuliko zote, na kama kansa ndiyo kwanza imejichomoza katika ncha ya kinyama, mara nyingine hutosha.

Ikiisha kuingia katika ukuta wa utumbo, hapana budi tumbo lifunguliwe. Msomaji anapaswa kujua kwamba daktari hatoi uvimbe peke yake kama mtu atoaye jiwe katika mchele. Hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na utumbo mzima wa pande zote mbili, na utando wenye mishipa ya damu na tezi za limfu zinazolihudumia eneo hilo, kwa kuwa kansa husafiri kwanza kwa njia ya tezi hizo. Kisha ncha mbili zilizobaki huungwa, ama kwa uzi, ama kwa mashine inayopiga pini ndogo za madini. Uvimbe ukiwa upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, huondolewa upande wote wa kulia. Ukiwa kushoto, huondolewa kushoto. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na mtu aweza kuishi vyema akiwa na nusu yake.

Rais Ronald Reagan wa Marekani alikatwa kipande cha utumbo wa kulia chenye urefu wa karibu sentimita 60 mwezi Julai 1985, akiwa madarakani. Alimaliza muhula wake, akaishi hadi mwaka 2004, akafa na umri wa miaka 93 kwa ugonjwa mwingine kabisa. John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo hiyo, alipasuliwa mwezi Novemba 1956, lakini kansa ikarudi, naye akafa Mei 1959. Karibu nasi zaidi, Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi, aliwatangazia wananchi wake mwaka 2019 kwamba kansa yake ya utumbo imegundulika ikiwa katika hatua ya nne. Alitibiwa hadi Paris, na Julai mwaka ule ule akafariki akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa na elimu, na alikuwa na njia ya kufika kwa madaktari wa Ulaya. Hatua ya ugonjwa siku unapogundulika ina nguvu kuliko cheo cha mgonjwa.

Kazi iliyo ngumu ni ile ya puru. Sehemu hii ina urefu wa sentimita 15 hivi, nayo imebanwa ndani ya mifupa ya nyonga, jirani na kibofu cha mkojo, na mishipa ya fahamu inayotawala mkojo na tendo la ndoa hupita pembeni yake. Mpasuaji wa Uingereza, William Ernest Miles, aliwachunguza wagonjwa wake 57 aliowapasua kwa kupitia chini peke yake, akaona kansa imewarudia 54. Mwaka 1908 akatangaza njia mpya: kufungua tumbo juu na kukata pia kutoka chini, na kuiondoa puru yote pamoja na njia ya haja yenyewe. Wagonjwa wake wa kwanza si wachache waliokufa kwa operesheni hiyo, lakini waliopona walipona kweli. Kwa muda mrefu wa karne iliyopita hiyo ndiyo iliyokuwa operesheni ya puru. Malipo yake yalikuwa tundu la kudumu ubavuni mwa tumbo, ambamo choo hutokea na kupokelewa na mfuko.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1982, Mwingereza mwingine, R. J. Heald, alipoonyesha kwamba siri imo katika mafuta yanayoizunguka puru. Mafuta hayo yakitolewa yote kwa pamoja, ndani ya ngozi yake nyembamba bila kuchanwa, kansa hurudi mahali pale kwa wagonjwa wachache sana, hali zamani ilirudi kwa robo yao au zaidi. Kwa njia hii, uvimbe ukiwa juu ya misuli inayobana haja kwa sentimita chache tu, njia ya haja yaweza kuokolewa na utumbo kuungwa tena. Kazi hii haihitaji mashine ya ajabu. Yahitaji mkono uliofundishwa, mwanga mzuri, dawa ya usingizi inayoaminika na saa kadhaa za subira, mambo ambayo nchi yetu yaweza kuyapata kama ikinuia.

Sasa tuje kwenye tundu lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokimbia. Wapo wagonjwa ambao, wakiisha kuambiwa watatoka na mfuko tumboni, hukusanya vitambaa vyao usiku na kuondoka wodini. Ukoo huwaunga mkono. Huulizana ni mwanamume gani huyo atakayejisaidia kwa tumbo, na ni mke gani atakayelala naye. Hatuwacheki watu hao, kwa sababu hofu yao ni ya kweli. Ila yapasa wajue mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, matundu mengi si ya kudumu. Mshono ulio chini sana katika nyonga waweza kuvuja katika siku za mwanzo, na kuvuja huko huua. Basi daktari huutoa utumbo nje kwa muda, juu ya mshono, ili mshono upumzike na kushikana. Baada ya miezi michache hurudishwa ndani kwa operesheni iliyo nyepesi kuliko ya kwanza. La pili, hata aliye na tundu la kudumu hufanya kazi, husafiri, hulima, huzaa, na husali. Mwislamu mwenye udhuru wa namna hii ana hukumu yake katika dini, na mashehe waijua. Mkristo hakuna andiko linalomtoa kanisani.

Shida ya kweli iko katika mfuko. Mifuko iliyotengenezwa vizuri hushika ngozi, haitoi harufu, nayo ina bei. Mgonjwa aliyerudi kijijini mifuko ikamwishia hufunga mfuko wa nailoni kwa kitambaa, choo humgusa, ngozi huchubuka, naye hujifungia ndani. Mtu wa namna hiyo ameponywa kansa akapewa kifungo. Dawa yake ni mifuko katika bohari ya hospitali ya wilaya, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kukata tundu la mfuko kwa kipimo na kuikinga ngozi yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila mjumbe wa kamati ya afya anayesoma ukurasa huu aulize swali moja katika kikao kijacho: je, mfuko huu umo katika vitu vinavyolipiwa, na kwa idadi gani kwa mwezi?

Ipo hali nyingine ambayo daktari wa nyanda za kati huikuta usiku. Mtu huletwa kwa pikipiki au juu ya tela la ng'ombe, tumbo limejaa kama ngoma, hajapata haja wala upepo kwa siku tatu nne. Huenda utumbo umejisokota wenyewe, jambo ambalo ni la kawaida sana kwetu. Huenda pia kansa imeziba njia. Hapo hapana nafasi ya vipimo virefu. Daktari aweza kutoa tundu peke yake ili kuokoa maisha, na kuiacha kansa hadi mgonjwa apate nguvu na apelekwe mbele. Au, kama utumbo umeoza au kutoboka, hukata sehemu mbovu, hufunga ncha ya chini na kuitoa ile ya juu nje, bila kuunga. Njia hii yaitwa kwa jina la Mfaransa Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921. Daktari hodari wa hospitali ya wilaya aliyefundishwa vyema aweza kuifanya, na asilaumiwe na jamaa kwa kutounga: kuunga utumbo uliovimba na kujaa uchafu ni kumtia mgonjwa katika hatari kubwa.

Mgonjwa asiye na dharura ana safari iliyo wazi zaidi. Zahanati au kituo cha afya humwandikia barua. Hospitali ya wilaya, au ile ya misheni kama Mvumi au Mtakatifu Gaspar pale Itigi, humpima damu na kumwangalia. Kipimo cha kwanza kabisa hakina gharama: kidole cha daktari ndani ya glovu. Uvimbe mwingi wa puru ya chini huguswa kwa kidole hicho, na ni aibu ya pande mbili kwamba hakitumiwi, kwa kuwa mgonjwa huona haya na daktari naye huona haraka. Tabibu yeyote anayempa mtu wa miaka 45 dawa ya amiba kwa mara ya tatu, kwa ajili ya damu ile ile, bila kutia kidole, hajafanya kazi yake. Kutoka hapo mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 karibu na Chuo Kikuu. Hospitali hii ilipandikiza figo mwaka 2018. Mji uliofika huko hauwezi kusema kwamba kukata utumbo ni kazi ya Ulaya.

Ulaya na miji mikubwa wapasuaji wengi sasa hutumia matundu madogo na kamera badala ya kulifungua tumbo lote. Mgonjwa huumia kidogo, huamka upesi, na kovu ni dogo. Twaisifu njia hiyo, lakini tusidanganyane: kwa upande wa kuiponya kansa, majaribio makubwa yameonyesha kwamba tumbo lililofunguliwa na mpasuaji stadi hutoa matokeo yanayolingana nayo. Asiache mtu kupasuliwa Dodoma leo kwa kungoja kamera kesho.

Kipande kilichokatwa hakitupwi. Hupelekwa maabara, na huko mtaalamu hutafuta tezi za limfu, angalau 12, azipasue na kuzitazama kwa darubini. Kama zina kansa, mgonjwa huhitaji dawa za kansa za kupiga mshipani au za kumeza kwa miezi mitatu hadi sita, ingawa yeye mwenyewe ajiona mzima. Jamaa na waulize majibu hayo, wala wasiondoke bila hayo. Karatasi iliyosahaulika maabara imewapotezea wengi nafasi yao. Hata kansa iliyofika katika ini si mwisho kwa kila mtu. Kama madoa ni machache na yako mahali pazuri, sehemu ya ini huweza kukatwa, na ini huota tena. Wapo wanaopona hata hapo. Na pale isipowezekana kuponya, tundu la kupitisha choo na dawa ya kutuliza maumivu humpa mtu miezi ya kukaa na watu wake kwa heshima.

Mfanyakazi aliyeajiriwa ana haki ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Operesheni ya utumbo yahitaji wiki sita hivi kabla ya kubeba kitu kizito. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi waibandike sheria hiyo ukutani.

Limebaki suala la mionzi. Kansa ya puru iliyokwisha kushika pembeni hupigwa mionzi kabla ya kupasuliwa, ili inywee na isirudi. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, na baadaye pia Bugando, Mwanza. Mionzi ya muda mrefu huchukua wiki tano au zaidi, kila siku ya kazi, na mkulima wa Manyoni hana ndugu wa kumlaza Dar es Salaam wiki tano wakati wa kupalilia. Lakini ipo namna fupi iliyothibitishwa na majaribio ya Sweden katika miaka ya 1990: siku tano tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huikata safari hiyo kwa saa nne hivi. Mgonjwa aliyeandikiwa mionzi na amwulize daktari wake waziwazi kama ile ya siku tano yamfaa, kwani si kila uvimbe unaifaa. Ikimfaa, aweza kuondoka Dodoma Jumapili na kurudi Jumamosi.